Baba na usukani mpya

Leo nimemuona baba yangu akishika breki ambayo haipo.

Mgongo wake haukubali tena kuinama kwenye baiskeli yake ya mashindano. Basi asubuhi nimetoa ule usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nikaweka ulionyooka, na manete, vile vishikio vya breki na gia, zinazopatana na gia zake za zamani.
(Hizo manete nimezisaka mpaka Goma.)

Gia zikaingia vizuri.
Baba akasema, "We ngoja, mi naijaribu kwanza."

Akashuka mteremko wa Rubona, mimi mbio nyuma yake.

Kwenye kona, mama mmoja mwenye beseni la samaki wadogo wa sambaza akavuka barabara.
Mikono ya baba ikaruka mbele, kule breki zilikokaa miaka yote.
Ikashika upepo.

Nikazidisha mbio.

Akamkwepa yule mama, akazama kwenye shamba la maharage.

Akainuka na majani kichwani, akakagua baiskeli kabla ya goti lake.
"Breki iko muzuri. Ni mikono yangu haijapata habari. Bon, mama yako asijue."

Hatujafika nyumbani, mama yangu akapiga simu kutoka mpakani, Petite Barrière.
Hakusalimia. Aliuliza tu: "Maharage ya nani?"

Jamani, nimjibu nini?