Mfereji Kwenye Ukuta wa Korido

Watu wakitaka niwasimulie ile safari yetu ya boti katikati ya London, mimi huwasimulia Johannesburg. Safari yenyewe ilikuwa ya siku moja, tena ya mvua. Kuipanga ndiko kulikotuchukua karibu miaka miwili, kuanzia 2016, na yote yalifanyika kwenye korido ya nyumba yetu hapa Kensington ya Johannesburg, kati ya mlango wa bafu na chumba alichokuwa akilala binti yetu kabla hajahama.

Mume wangu ni mzaliwa wa mji huu. Aliukimbia akiwa kijana kwa sababu za siasa, akaja kwetu Morogoro, na huko ndiko tulikokutana. Kiswahili chake mpaka leo ni cha Morogoro, akikasirika tu ndipo Kizulu kinapoingilia kati. Kabla hatujaoana alipelekwa London kusomea uchapaji, akafanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu, kwenye chumba cha ghorofani chenye dirisha lililotazama mfereji. Kwetu sisi mfereji ni wa kumwagilia mpunga. Wa kule unakatiza mji mzima, na juu yake yanapita maboti marefu membamba, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Siku moja aliinua kichwa kutoka kwenye herufi zake akaona wazee wawili, mume na mke, wanapita chini ya dirisha. Mwanamume ameshika usukani kwa mkono mmoja na kikombe cha chai kwa mwingine. Mwanamke amekaa karibu yake, anamenya viazi. Boti ilikwenda taratibu hata yule mama akamaliza viazi vitatu kabla hawajapotea. Wakati huo begi la mume wangu lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa tayari, maana hakujua lini ataambiwa ahame. Safari zote alizowahi kufanya zilikuwa za kukimbia. Akajiahidi kwamba siku atakapokuwa na kwake, naye atasafiri hivyo, bila haraka na bila pa kufika, mkewe akiwa pembeni.

Haya aliniambia mara moja tu, tukiwa wachumba, nami nikasahau. Siasa zilipobadilika tulihamia huku kwao, akaendelea na uchapaji. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani na boksi la vitu vyake vya kiwandani, na kabla hata hajavua koti akasema, "Sasa ile boti."

"Boti gani?"

"Ile ya viazi."

Mimi nilikuwa nafundisha chekechea mtaa wa pili. Nilimletea mabaki ya bunda la karatasi ya khaki ambayo watoto huchorea, akayabandika ukutani kutoka mlango wa bafu hadi mlango wa chumba cha binti yetu. Akauchora mfereji kwa rangi ya buluu, magharibi mpaka mashariki, na malango yake ya maji ya kupandisha na kushusha maboti, na mahandaki yake mawili ya kupita chini ya ardhi. Kisha akaanza madaraja. Kila daraja alilichorea mstari, na chini ya mstari akaliandika jina lake kwa mkono, herufi za mchapaji, zimesimama wima bila rula. Nimeishi na mkono ule tangu nikiwa msichana na bado ulikuwa unanishangaza. Nilikuwa nikienda bafuni nasimama kusoma majina ya madaraja nisiyoyajua, kwa sababu tu yameandikwa vizuri.

Daraja moja kwa wiki, Jumatatu baada ya chai ya asubuhi. Hakukubali mawili. Mimi ni mtu wa chapuchapu, nikikuta vyombo vichafu nyumbani kwa mtu nitaviosha kabla sijakaribishwa kiti, kwa hiyo jambo hili lilinikera kweli kweli.

"Si umalize yote leo tupumzike?"

"Nikikimbia kuipanga, mama, nitakuwa nimeikimbia safari yenyewe."

Alitaka pia tujizoeze. Chini ya Kensington, bondeni, kuna kijito kilichojengewa sakafu na kingo za zege, ndiyo maji pekee yanayotembea karibu na sisi, maana mji huu mkubwa wote hauna mto wa kujivunia. Jumamosi tulishuka huko naye akatembea kando ya zege, saa mkononi, kwa mwendo wa boti. Nami nyuma yake, miguu inaniwasha. Johannesburg mtu hatembei hivyo. Ukienda polepole mbele ya geti la mtu, wewe ama umepotea ama unachungulia nyumba. Mlinzi mmoja, Mkongo, akatoka kwenye kibanda chake.

"Papa, munatafuta fasi gani?"

"Hatutafuti mahali. Tuko kwenye boti."

"Boti inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Inapita tu."

Yule mlinzi akanitazama mimi kwa huruma. Lakini kuanzia Jumamosi ile kila akituona alisimama na kutupigia saluti, akitutakia safari njema kwa Kifaransa, "Bon voyage, papa," na mume wangu alimjibu kwa heshima zote, kama nahodha. Nilimpenda sana siku zile. Nilimtania kutwa, lakini nilimpenda.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia dada yangu wa Dar es Salaam kwenye simu kwamba tutakwenda London, na sikumwambia iwe siri. Kabla jua halijazama ndugu zetu wote walioko London walikuwa na habari. Mpwa wangu akaandika kwamba atachinja kuku. Binti wa shangazi yangu akauliza tunapenda pilau au biriani. Mjane wa rafiki wa mume wangu wa tangu Morogoro akasema tusipolala kwake hatatusamehe. Hesabu ikafika watu tisa. Na mimi nilivyolelewa, huwezi kupita mji wenye ndugu yako usiende kumsabahi. Akija kusikia ulipita, utalisikia jambo hilo kwenye kila harusi na kila matanga mpaka uzeeke. Basi nikachukua vikaratasi vya pinki vya chekechea, nikaandika kila ndugu kwenye chake, nikavibandika kandokando ya mfereji mahali anapoishi. Hapa tutashuka, hapa tutakula, hapa tutalala.

Mume wangu alitoka chumbani akasimama mbele ya ukuta.

"Eish, mke wangu. Hii ni boti au ni msiba?"

Nilikasirika. Nilimwambia ndugu zangu si nguzo za umeme za kupitwa hivi hivi. Akanijibu kwa Kizulu, ndipo nikajua naye amekasirika. Tukakaa wiki nzima tunaulizana chumvi tu mezani. Hata hivyo Jumatatu ilipofika alikwenda kwenye ukuta wake, akaandika daraja lake moja, akarudi.

Siku ya nane nikakuta vikaratasi vyangu vimehamishwa. Kila kimoja kilikuwa juu ya daraja lililo karibu na nyumba ya mwenyewe.

"Wasimame darajani," alisema. "Sisi tutapita chini, kwa mwendo ule unaoujua. Watatuona, tutawaona. Hakuna atakayesema tulimpita."

"Na salamu?"

"Wapunge mkono. Lakini wasiite, mama. Nakuomba. Ule ukimya ndio nilioungoja miaka yote hii."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni yeye tu angeweza kufikiria jambo kama lile, lenye adabu kwa watu tisa na bado boti isisimame hata mara moja. Niliwapigia simu wote. Binti wa shangazi yangu, ambaye akianza kuzungumza hakuna mwingine anayesikika, alisononeka. "Yaani nisimame pale kimya, kama sanamu?" Nikamwambia ndiyo, siku moja haitamuua.

Binti yetu akatutafutia boti na nahodha kupitia kompyuta yake, viza zikaanza kushughulikiwa, na ukuta ukakaribia kujaa. Ilikuwa mapema 2018. Asubuhi moja nilikuwa napiga deki korido, nikaanzia mlango wa bafu. Nikainuka kunyoosha mgongo, nikautazama ukuta wote kwa urefu wake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwanzo kwa kuwa siku zote nilikuwa nausoma kipande kipande.

Karibu na bafu herufi zilikuwa ndogo kama za gazeti. Katikati zilikuwa za ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Na kule mwisho, karibu na mlango wa chumba, zilikuwa kubwa kama zile ninazowachorea watoto wa chekechea. Zote zimenyooka, zote nzuri. Kila wiki alikuwa ameziongeza kidogo tu, na mimi nilipita hapo kutwa mara kumi nisione.

Nikaweka ndoo chini, nikamwita.

"Tangu lini?"

Hakuniuliza tangu lini nini. Alipapasa ukuta kwa mkono, akasogea kidogo kulia, akagusa mahali.

"Tangu kwenye handaki la pili."

Daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa karibu limekwisha, la kushoto lilikuwa linafunga kutoka pembeni kwenda katikati. Kilichopotea hakirudi. Kulikuwa na dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na kitabaki kwa muda gani hakuweza kutuahidi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, mimi nikiendesha, tulisimama kwenye robot, taa za barabarani, gari letu likiwa la kwanza kabisa. Aliangalia mbele, shingo imenyooka, halafu akaniuliza taratibu, "Imewaka kijani?"

Nilimfokea. Sijivunii. Nilimwambia amenidanganya mwaka mzima, amenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu, na magari ya nyuma yakipiga honi mimi naendelea kufoka. Nilikuwa na hofu, lakini mdomoni ilitoka hasira tu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie mtoto afute ile safari."

"Kwa nini ifutwe?"

"Nikakae kwenye boti nifanye nini? Nilitaka kuona, mama. Polepole, mpaka nishibe."

Jumatatu iliyofuata hakuandika daraja lolote, na yalikuwa yamebaki manne. Kalamu zake zilikaa kwenye kopo. Sikumpigia simu binti yetu. Alhamisi, kwa kushindwa kuutazama ule ukuta, nilianza kubandua vile vikaratasi vya pinki. Nilibandua kimoja. Nilipofika cha pili nikasikia sauti yake kutoka sebuleni.

"Acha."

Akaja, bega lake likifuata ukuta. Akanyoosha mkono, akagusa karatasi ya khaki, akaenda nayo kwa vidole mpaka akakuta kikaratasi.

"Hapa ni daraja la bustani ya wanyama," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyu ni binti wa shangazi yako."

"Ndiye."

"Sauti yake inafika mbali?"

Sikumwelewa mara moja. "Huyo? Alipokuwa Morogoro akiita kuku wake walikuja wa mtaa mzima."

"Basi mwambie aite. Aite jina la daraja lake. Kila mmoja aite la kwake."

Mtu huyu aliyeusubiri ukimya tangu ujana wake alikuwa anautoa, kikaratasi kwa kikaratasi, ili aijue njia. Na majina yote alikuwa nayo kichwani, kwa sababu aliyaandika moja kwa wiki. Kama angenisikiliza mimi na uchapuchapu wangu, angekuwa ameyaandika yote kwa mchana mmoja na kuyasahau wiki ile ile.

Tukaipanga safari upya. Niliwapigia ndugu tisa, simu ikiwa kwenye spika, yeye amesimama kando yangu akisikiliza kila mmoja akiita jina la daraja. Wenye sauti ndogo tukawaongezea watoto wao. Mjane wa rafiki yake alikuwa na kikohozi, akaahidi kugonga sufuria. Binti wa shangazi yangu aliita mara moja tu, nikalazimika kuondoa simu karibu na sikio. Mume wangu alicheka, mara ya kwanza tangu kwa daktari. Yale madaraja manne yaliyobaki aliniambia majina yake, nikayaandika mimi, kwa mwandiko wangu wa chekechea.

Palibaki daraja moja katikati ya ukuta, lile la karibu na kiwanda chake cha zamani, ambalo halikuwa na kikaratasi. Nilimwambia hatuna ndugu yeyote upande ule, labda tumwombe mpwa wangu akimbie kutoka daraja lake.

"Hapo sitaki mtu," alisema. "Hapo utaniambia wewe kama lile dirisha bado lipo."

Tulikwenda miezi minne baadaye. Mvua ilinyesha, na wote tisa walikuja, wakaita, wakagonga masufuria. Mimi nilimenya viazi. Chini ya kiwanda hapakuwa na mtu wa kuita, ikabaki injini tu, nami nikainua macho. Nikamwambia dirisha lipo, limepakwa rangi nyeupe, na ndani yake amesimama mwanamke kijana ameacha kazi yake anatutazama.

"Sisi?"

"Sisi."

Akainua kikombe chake cha chai, akikielekeza upande usio wa dirisha. Nikaweka kisu chini, nikamgeuza bega taratibu.