Vichupa vya Plastiki Vilivyokwenda Dirma

Mama mmoja mjamzito wa kijiji cha Dirma alikuwa ameshatoa damu mara mbili, na mara zote mbili vichupa vya kioo vilipasukia kwenye pikipiki kabla havijatufikia maabara. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na muuguzi wa zahanati alitaka figo zake zipimwe haraka. Mama akagoma. Alisema damu ya tatu hatoi.

Basi vichupa vya plastiki vya majaribio vilipoletwa, aina mbili, nilichangamka kupita kiasi. Nikachagua hapo hapo vile visivyopakwa kitu ndani, vinavyong'aa, nikamkimbilia mkuu wangu wa maabara.

"Shikamoo mama! Nimeshachagua!"

"Marahaba. Umechaguaje na hujaweka damu?"

Mimi na haraka zangu! Nikakunja shati, akanitoa damu, tukajaza kichupa cha kioo na aina zote mbili za plastiki, tukavisimamisha mezani. Baada ya nusu saa damu ya kwenye kioo ilikuwa imeganda vizuri, na yale maji yake ya juu tunayopimia figo yamejitenga. Ya kwenye chaguo langu bado ilikuwa inachezacheza. Plastiki tupu haigandishi damu upesi kama kioo. Nilifundishwa hayo chuoni, furaha ikanisahaulisha. Aina ya pili ilipakwa unga wa kugandisha kwa ndani, na damu yake ilikaza kama maziwa mgando. Niliona aibu, lakini furaha ilizidi, nikapiga makofi peke yangu.

Kesho yake asubuhi nilipanda pikipiki na vichupa vya aina ya pili hadi Dirma. Muuguzi alikuwa amembembeleza yule mama aje angalau kunisikiliza. Alikuja, akakaa mbali na meza.

"Hiki hakipasuki, mama," nikamwambia.

"Hata vile mlisema vitafika."

Akaninyang'anya kichupa kitupu, akasimama, akakibamiza kwenye sakafu ya saruji kwa nguvu zake zote. Katika kupima kwetu kote hatukuwa tumedondosha hata kimoja!

Kikadunda, kikabiringika mpaka chini ya benchi. Akainama mwenyewe kwa shida na tumbo lake, akakiokota, akakigeuzageuza dirishani akitafuta ufa. Hakuuona.

Akarudi kukaa, safari hii karibu na meza, akapandisha mkono wa sweta.

"Haya, toa. Ila utaibeba wewe mwenyewe."