Mngoni wa Nidhamu

"Mwalimu, kwani Imrani alikosa nini?"

Nilimuuliza hivyo Mwalimu Fidel Komba nikiwa darasa la tano, pale kwenye bomba la shule alipokuwa ananawa mikono. Hakunitazama. Akasema, "Hafidha, kengele imegonga." Kengele ilikuwa haijagonga.

Mwalimu Fidel ni Mngoni wa Songea. Alikuja Nachingwea kusomea ualimu, akamwoa Makrina, muuguzi wa Mnero, halafu akapangiwa kufundisha Liwale. Yaani mtu na mkewe wakawa wanaonana likizo kwa likizo kama wanafunzi wa bweni. Aliomba uhamisho mpaka akachoka kuomba. Alipoupata akaletwa kwetu, upande wa Lionja, akamleta na mama yake mzazi wakakaa nyumba ya mwalimu, na Ijumaa jioni unamwona anapiga pampu baiskeli ya kwenda Mnero, anapiga mluzi.

Alipofika tu akapewa nidhamu. Kazi hiyo walimu wengine walikuwa hawaitaki, basi ikaangukia kwa mgeni.

Sasa, Wangoni na Wayao ni watani. Babu zao walipigana vita zamani, na vita vilipokwisha wakabaki wanatukanana tu. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele za watu akakuita mtumwa wake, na wewe huruhusiwi kununa. Kijijini kwetu Wayao wapo wengi, na Mngoni alikuwa mmoja, tena mwenye fimbo. Mimi ni Mmwera, hayo hayakunihusu, lakini nilikuwa nayatolea macho.

Wa kwanza kumjaribu alikuwa Imrani, wakati huo yuko darasa la sita. Alichelewa, akasimama getini, akasema kwa sauti shule nzima isikie, "Mngoni, kwetu panya wameisha. Jana ulipita?"

Tukajua leo mtu anakufa. Mwalimu Fidel akakuna kidevu.

"Nilipita. Nikamkuta babu yako yuko shimoni, kichwa ndani, miguu nje. Nikamwachia."

Panya kwetu tunakula wote, lakini ndio utani wenyewe. Mstari mzima ulilala kwa kicheko, na Imrani akaingia darasani ameinama. Hakuchelewa tena, maana alijua akichelewa babu yake atatolewa shimoni mbele ya wasichana.

Hivyo ndivyo alivyotuendesha. Msimu wa korosho, madarasa yakibaki matupu, walimu wengine walikuwa wanangoja watoro warudi wachapwe. Yeye anawafuata mashambani. Anakaa chini ya mkorosho na watoto wa Kiyao, anaokota nao, na huku anawasema: "Okoteni, watumwa wangu, okoteni vizuri. Msipojua kusoma, korosho hizi mkizifikisha ghalani mtaambiwa ni mawe." Bibi Rukaiya, bibi yake Imrani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alikuwa anamrushia mabibo. "Mngoni kwenda, wewe taka mabibo yangu tu." Kesho yake watoto wako darasani. Fimbo alikuwa nayo, ya mpera, alikuwa anaonyeshea ramani.

Halafu akaja mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Filbert, kutoka mkoa wa mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta madawati yamevunjika akayatengeneza kwa mkono wake. Ila alipomsikia Imrani, sasa yuko darasa la saba, anamwita mwalimu wa nidhamu "mtumwa wangu", alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Mwalimu Komba, hii ndiyo nidhamu?"

"Ni utani, mkuu. Wa kikabila."

"Shuleni hakuna kabila."

Mwezi huohuo mama yake Mwalimu Fidel akafariki. Wazee wa Kiyao wakajua zamu yao imefika, kwa sababu mtani akifiwa lazima mtani wake aende kumchekesha, usipoenda umemtupa. Bibi Rukaiya miguu ilikuwa imevimba, akamwambia mjukuu wake, "Wewe kwenda. Wewe ndiye mtani yake."

Mimi nilikuwepo, tulipelekwa wanafunzi wote kuchota maji ya msiba. Imrani alijifunga kitenge cha marehemu, akapiga kilemba chake, akaketi pale pale mkekani alipokuwa anakaa yule mama. Akakohoa kama yeye. Akaita, "Fidel, mwanangu, ugali umeiva? Au umewapa wanafunzi wakusongee, wameuacha mbichi kama hesabu zao?"

Mwalimu Fidel alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kilio, na wanaume wakamshika. Jeneza lilipotoka, Imrani akalala njiani na kusema hapiti mtu mpaka apewe jogoo. Akapewa jogoo. Watu walisema huyu kijana ameuweza msiba.

Mwalimu Filbert alikuwa amesimama karibu na jeneza. Hakucheka.

Jumatatu, mstarini, alimwita Imrani mbele. Akasema mwanafunzi aliyeidhihaki maiti ya mzazi wa mwalimu hawezi kuachwa, achapwe, la sivyo afukuzwe shule, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Akageuka. "Mwalimu wa nidhamu, fanya kazi yako."

Tulikuwa tunangoja neno moja tu. Aseme, mkuu, huyu alikuja kunifuta machozi, nilimhitaji. Shule nzima tulikuwepo msibani, tungeitikia. Mwalimu Fidel aliangalia viatu vyake. Kisha akachukua fimbo ya mpera.

Imrani bado alikuwa anatabasamu. Alidhani ni mchezo. Aliinama mwenyewe, akasema, "Polepole, Mngoni, na wewe nitakuja kukuzika." Fimbo ya kwanza ilimkuta anacheka. Ya pili akageuza shingo kumtazama aliyeishika, na nadhani alichokiona usoni kwake ndicho kilichomuumiza. Zilizofuata alizipokea kimya.

Hapo ndipo nilipouliza swali langu bombani.

Jioni Bibi Rukaiya alijikokota na miguu yake mpaka nyumba ya mwalimu. Hakukaa. Alisema, "Wewe kununa. Sasa wewe si mtani. Wewe mwalimu." Akaondoka.

Imrani hakurudi. Wiki ya pili Mwalimu Fidel alimfuata nyumbani, kama alivyokuwa anafuata watoro. Zamani wangemvuta miguu akae mkekani. Safari hii walimtolea kiti, wakakifuta vumbi, wakasema, "Karibu, mwalimu." Akajaribu kusema jambo la panya. Wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Imrani mwenyewe alitoka ndani akamwamkia, akasema kesho atakuja. Mtihani wa taifa ulifanyika dawati lake likiwa tupu.

Baada ya hapo Mwalimu Fidel alianza kuchapa. Alichapa wachelewaji, alichapa watoro, hakufuata mtu shambani tena. Shule ikatulia kabisa, unasikia chaki ikiandika. Mkaguzi alipokuja alisema nidhamu imepanda, na baadaye tukasikia Mwalimu Komba amepandishwa, amekuwa mwalimu mkuu huko Ruangwa.

Sasa niko kidato cha tatu, nakaa Ruangwa kwa mama mdogo. Juzi shule zilipofungwa nilikuwa stendi nangoja gari la Nachingwea. Ikaja bodaboda, dereva ni Imrani, ndevu zimeanza, na abiria ni Mwalimu Fidel, amenenepa na kuota mvi. Imrani alishuka akampokea begi kwa mikono miwili.

"Myao wewe," mwalimu akasema, anatabasamu kwa shida, "pikipiki hii umeiiba wapi?"

"Ni ya bosi, mwalimu. Safari njema."

"Hata kunitukana kidogo?"

"Shikamoo, mwalimu," Imrani akasema, akawasha pikipiki, akaondoka.

Mwalimu Fidel alikaa kwenye benchi, begi mapajani. Nilimwamkia. Alinitazama muda, akanikumbuka.

"Wewe uliniuliza swali pale bombani."

"Ndiyo, mwalimu."

Gari lilikuwa limeanza kupakia, utingo anaita watu. Yeye hakuinuka.

"Imrani hakukosa kitu," akasema. "Mbele yangu walisimama wawili. Mmoja alikuwa na uwezo wa kunihamisha. Mwingine hakuwa na uwezo wa kunifanya lolote. Nikamchapa huyo."