Sifa za Pisaina

Mpaka uzeeni, Pisaina alikalia mikono yake. Mwanamke mwenye kito akimkaribia, iwe kanisani, sokoni au msibani, mikono yote miwili iliingia chini ya mapaja na kutulia huko kama watoto waliokemewa. Alikuwa amefanya kazi Auckland miaka kumi na tisa, katika duka linalonunua vito vilivyokwisha kuvaliwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kugundua vya bandia. Vidole vilizoea kugeuza kila kifungo cha mkufu kutafuta mhuri wa dhahabu halisi. Aliporudi kwao Apia, mwenyewe alistaafu, vidole vilikataa.

Lakini vidole havikuwa shida yake kubwa. Kwao Samoa, ukisifu kitu cha mtu, mwenyewe hukivua akakupa, hata kama moyo unamuuma. Pisaina aliogopa kumvua mtu mali yake. Kwa hiyo vito vya kweli alivinyamazia, na sifa zake zote akavipa vya bandia, kwani hapo mtu angepoteza nini?

Wanawake wa kanisa walichukua miezi miwili kumng'amua. Jumapili moja alimsifu Naoupu, mke wa shemasi, kwa saa yake mpya. Naoupu akaivua, akamkabidhi kwa tabasamu. Wiki iliyofuata zikasifiwa hereni zake.

"Mwenzangu, mbona ananiandama mimi tu?" Naoupu alimnong'oneza jirani yake kwenye benchi.

"Muulize aliyekuuzia."

Tangu hapo sifa za Pisaina zikaogopwa kuliko mahubiri. Mtu mwenye mkufu mpya alipita mbele yake polepole, shingo imenyooka, akiomba asisemeshwe. Wenzake walimpokea upande wa pili.

"Kanyamaza?"

"Kimya."

"Hata kukohoa hajakohoa? Basi dada, hiyo dhahabu."

Naoupu alianza kuja kanisani bila hata pini ya nywele.

Sieni, binti wa kaka yake Pisaina, mwalimu wa shule ya msingi, alicheka na wengine mpaka ilipofika bangili. Mumewe, Fereti, alikuwa mwaka wa tatu katika kiwanda cha nyama huko Brisbane, na simu zake zilikuwa zimepungua. Bangili ililetwa na mtu, ndani ya kiboksi cheupe, pamoja na ujumbe kwamba ni ya kampuni kubwa ya Paris, na kwamba ameifanyia kazi za ziada mwaka mzima. Sieni hakuwa na haja ya dhahabu. Alitaka kujua kama mume bado humwambia kweli, na hakuona pengine pa kupimia ila pale mkononi.

Wiki tatu alimkwepa shangazi yake, amevaa mikono mirefu kwenye joto lote lile. Halafu Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, alikunja mkono wa nguo na kumpelekea kikombe cha kakao. Pisaina aliitazama bangili. Mikono ikaingia chini ya mapaja. Akakitazama kikombe.

"Sukari umesahau," alisema.

Sieni alikwenda kuleta sukari akitembea kama bibi harusi.

Mvua za Januari ndizo zilizosema. Siku moja akikuna nazi aliona mstari wa kijani umemzunguka kifundo cha mkono. Aliusugua ukatoka, kesho yake ukarudi. Wakati huo Pisaina alikuwa amelazwa hospitali, moyo umechoka. Sieni aliketi kando ya kitanda, akaivua bangili na kuiweka juu ya shuka.

"Shangazi, ulijua."

"Kabla hujatua kikombe. Skrubu zake zimechorwa tu, hazifunguki. Hata Naoupu asingeivaa hii."

"Sasa mbona mimi ulininyamazia? Wenzangu wote unawasifu."

"Ningeisifu ungenivulia. Mumeo akirudi angekuta mkono mtupu."

"Mume gani? Huyo aliyenidanganya?"

Pisaina aliichukua bangili, akaigeuza kuelekea dirishani. "Humu ndani pameandikwa nini?"

"Jina langu. Nimeshaliona."

"Wewe umeona jina. Mimi naona kazi. Hizi herufi zimechongwa na fundi, baadaye, si huko ilikotengenezwa. Na mafundi hutoza kila herufi, tena si haba. Mtu anayejua ameshika shaba hailipii herufi tano." Alimrudishia bangili. "Amedanganywa yeye, maskini. Tena akatoka dukani anapiga mluzi."

Sieni alilitazama tena jina lake. Alimwona Fereti akisimama mbele ya fundi, akilitamka herufi moja moja ili lisikosewe.

"Nimwambie?"

"Umwambie nini? Kwamba mwaka mzima amekatakata ng'ombe wa watu kwa ajili ya shaba?"

Sieni alicheka, machozi yakamtoka, akacheka tena. Muuguzi alikuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Aliivaa bangili. Alikuwa ameshafika mlangoni shangazi alipomwita, na maneno yaliyofuata ndiyo ya mwisho aliyomwambia kabla ya kufa.

"Nunua rangi ya kucha, ile nyeupe kama maji. Ipake kwa ndani, mkono hautageuka kijani."