Neno Ambalo Baba Hakulisema Kuhusu Farasi

Mdogo wangu wa kike alinipigia simu kutoka Houston Jumapili moja mchana, nikiwa bado na nguo za kanisani, akaniuliza kama ule uwanja wa farasi una njia ya mchanga au ya nyasi.

"Uwanja gani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Huo mnamosali, dada. Nimesoma kwamba wanataka kurudisha mbio."

Nilikuwa nimeingia uwanja ule kila Jumapili kwa miaka mitano, na sikuweza kumjibu. Sikuwa nimewahi kuitazama hiyo njia.

Uwanja uko kati ya Dallas na Fort Worth. Ni wa zamani. Farasi wa damu safi walikimbia pale kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mbio zilipokoma, jukwaa la watazamaji lilibaki likibambuka rangi, na wenye uwanja wakawa wanakodisha ukumbi ulio chini yake. Sisi Wakenya tuliokuwa tukiabudu sebuleni kwa watu, wiki hii Irving, wiki ijayo DeSoto, tukauchukua. Tulizipaka kuta rangi kwa mikono yetu, wengine wakija moja kwa moja kutoka zamu hospitalini. Mimi nilikuwa katibu. Sasa wenye uwanja walitaka kuwarudisha farasi, na baraza la mji likaitisha kikao cha kusikiliza maoni ya watu. Mchungaji akanipa kazi ya kusema kwa niaba ya kanisa. Tungepinga, kwa sababu ya kamari, na kwa sababu tungekosa pa kuabudia.

Hayo yote nilimweleza mdogo wangu. Akasema, "Nitakuja Jumamosi. Nataka kuuona."

Lazima nieleze kuhusu Baba. Alikuwa saisi Nairobi, mtunza farasi katika uwanja wa mbio. Aliwalisha, akawasugua, akawatembeza, akawakabidhi kwa wapandaji, na mbio zikiisha akawapokea wakitoka jasho. Mimi ni kifungua mimba. Likizo zikifika nilibaki nyumbani na Mama kulea mapacha, wadogo zetu wa mwisho, na huyu mdogo wangu, niliyempita miaka miwili, alikwenda na Baba. Sijui nani aliamua hivyo. Asubuhi Baba alisimama mlangoni akasema, "Twende," na ilijulikana anasema na nani.

Jioni walirudi na maneno yao ya lijamu na kwato, na habari za farasi fulani mwenye pupa na mwingine anayeogopa maji. Siku moja walicheka mezani mpaka Baba akapaliwa na ugali, kwa sababu farasi alikuwa amekula kofia ya tajiri wake. Nikauliza, "Ikawaje?" Baba akasema, "Ungekuwepo ungeona." Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno hayo yalikaa ndani yangu kama mwiba ulioachwa mpaka nyama ikaufunika.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja niliamka mapema, nikavaa sweta ya mdogo wangu, ile ya kwendea kazini kwa Baba, nikasimama mlangoni mimi. Baba alicheka. "Ivue umpe mwenyewe," akasema, "huko kuna baridi." Nikaivua. Mdogo wangu aliivaa hapo hapo ikiwa bado na joto langu, na wakaenda.

Basi Jumamosi ile mdogo wangu alifika kwangu Irving baada ya kuendesha gari kwa saa nne, na kabla hata ya kunywa chai akataka twende. Binti yangu wa miaka kumi na minne, ambaye mimi nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza na macho hayabanduki kwenye simu, aliacha simu mezani akasema, tena kwa Kiswahili, "Shangazi, mimi pia naenda." Hata neno alikuwa amekosea, kwa sababu huyo ni mama yake mdogo, si shangazi. Lakini alikuwa amelitafuta kwa ajili yake.

Uwanjani palikuwa na mzee mmoja Mmeksiko aliyetunza mahali pale tangu ujana wake. Miaka mitano tulikuwa tunapungiana mkono tu. Mdogo wangu alimsalimu, akaomba ruhusa, akapita chini ya uzio wa njia ya mbio. Akachutama, akachimba kwa vidole, akaufinya mchanga na kuuachilia.

"Juu ni laini lakini chini pamekuwa saruji," akamwambia mzee kwa Kiingereza. "Farasi akikimbia hapa atavunjika mguu."

Yule mzee alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. "Nimewaambia hivyo," akasema. "Nimewaambia mara nyingi. Wewe umejulia wapi?"

"Baba yangu alikuwa saisi."

Alisema "baba yangu". Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na binti yangu alikuwa katikati yetu, anamtazama yeye.

Walitembea njia nzima, mzee na mdogo wangu na binti yangu, wakisimama hapa na pale kuichoma ardhi kwa fimbo. Mimi nilikaa kwenye ngazi za jukwaa nikisema kwamba miguu inaniuma. Waliporudi, mzee alikuwa amemwomba mdogo wangu aje kwenye kikao aseme. Akakubali. Alichukua siku mbili za ruhusa kazini, kwenye kituo cha kusafisha damu anakofanyia uuguzi, akakaa kwangu. Jioni nilisikia kicheko chumbani kwa binti yangu, nikasimama kwenye korido na nguo za kufua mikononi, nikisikiliza kwa nje.

Kikao kilikuwa Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Mdogo wangu alitangulia. Hakuwatukuza farasi kama nilivyotarajia. Alizungumza juu ya watu wanaoamka kuwalisha, juu ya Baba aliyeweza kujua farasi anaumwa kwa kusikiliza anavyotafuna. Akasema, "Kama mnawarudisha, tengenezeni ardhi kwanza, na muwaajiri wanaojua, kama huyu mzee. Kama hamtafanya hayo, msiwarudishe." Nilimwona diwani mmoja mwanamke akiandika.

Jina langu likaitwa. Nilikuwa na karatasi ya kanisa mkononi, tuliyoiandika watu sita, hoja baada ya hoja. Niliikunja.

"Huyo aliyesema sasa hivi ni mdogo wangu," nikaanza. "Mimi ndiye mkubwa. Baba yetu alipigwa teke la nyonga na farasi wa mbio. Alichechemea mpaka alipokufa. Majina ya farasi yaliandikwa ubaoni. La kwake halikuandikwa popote."

Mpaka hapo nilikuwa nasema kweli. Ningenyamaza hapo. Lakini niliona mdogo wangu ameinamisha kichwa kwa heshima, ananisikiliza, na nikaona bado Baba ni wake, kwamba hata hilo teke yeye ndiye aliyekuwepo na kuliona. Nikasema, "Kabla hajafa aliniita mimi peke yangu. Akaniambia, usiwaache watoto wako wasogelee mahali pa farasi. Pale nilitupa maisha yangu."

Baba hakuniita. Alifia hospitalini Nairobi nikiwa kwenye zamu yangu ya uuguzi hapa Irving, na jina aliloulizia mwishoni, Mama aliniambia bila kujua anachofanya, lilikuwa la mdogo wangu.

Watu walipiga makofi. Mama mmoja wa kanisa alinikumbatia huku analia. Baraza liliahirisha kura, na diwani aliyekuwa akiandika akasema hawezi kuyapuuza maneno ya mwisho ya mfanyakazi wa farasi mwenyewe. Wiki ile gazeti la mji liliyachapisha. Mzee wa uwanjani hakunipungia mkono tena.

Mdogo wangu hakubishana nami. Alikunja nguo zake, akamkumbatia binti yangu, akasema, "Baki salama, dada," akaondoka kabla ya chakula. Ujumbe wangu wa kumuuliza kama amefika aliujibu kwa neno moja: nimefika. Kisha hakuandika tena.

Nilikaa na ushindi ule wiki tatu. Mchungaji alinishukuru mbele ya watu wote. Kila aliponishika mkono kunipongeza kwa ujasiri wa kutoa siri ya familia, nilitaka kuuondoa mkono wangu. Jambo lililonisumbua kuliko uongo wenyewe ni kwamba nilikuwa nimeanza kuusikia kwa sauti ya Baba. Nikiwa naosha vyombo nilimsikia akiniita, akisema maneno niliyomtungia, na nilifurahi. Ndipo nikaogopa.

Jumamosi ya nne niliendesha gari mpaka Houston bila kumwambia. Alifungua mlango akiwa amefunga kanga kifuani, akanipisha niingie. Alinipikia chai, akaniwekea na mandazi. Tukakaa.

"Baba hakusema hivyo," akasema.

"Hakusema."

"Basi kwa nini, dada?"

"Nilitaka na mimi niwe na neno lake. Wewe unayo mengi."

Alizungusha kikombe. Nilingoja aniambie kile ambacho watu humwambia mtu kama mimi: kwamba wazazi hupenda watoto wote sawa, kwamba nilihitajika nyumbani, kwamba Baba alijivunia uuguzi wangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kutoamini.

"Alinipenda zaidi," akasema. "Nilijua tangu nikiwa mdogo. Ulipovuliwa ile sweta nilijua. Ningefanya nini? Ningekataa kwenda?"

"Ungekataa siku moja tu," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Siku moja ningeweza kukataa. Sikutaka."

Sikulia. Nilihisi mabega yangu yameshuka. Kwa miaka arobaini nilikuwa nimebeba jambo ambalo kila mtu wa nyumbani alisema halipo, na sasa mtu wa pili amelishika upande mmoja. Nilikula mandazi mawili. Kisha nikamwomba kompyuta, na palepale mezani kwake nikaliandikia baraza la mji kwamba maneno niliyoyasema hayakuwa ya baba yangu, yalikuwa yangu, na kwamba hoja za kanisa ni kamari na ukumbi, basi. Mdogo wangu alinisahihishia Kiingereza mahali pawili.

Barua ilisomwa kikaoni. Kwa mchungaji nilikwenda mwenyewe kabla haijasomwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na baada ya mwezi kanisa likachagua katibu mwingine. Baraza likakubali mbio kwa msimu mmoja wa majaribio, kwa sharti njia ichimbwe na kutengenezwa upya chini ya usimamizi wa yule mzee. Sisi tulihamia ukumbi wa shule Carrollton, wenye viti vya plastiki na mwangwi mbaya. Wako waumini ambao mpaka leo hawanisalimu vizuri, na siwalaumu.

Siku ya kwanza ya mbio sikwenda. Mdogo wangu alikuja kutoka Houston akaenda na binti yangu, na mimi nikabaki kupika pilau, nikijiambia kwamba nimechagua mwenyewe. Walirudi saa kumi na moja wamechomwa na jua, wanasema kwa wakati mmoja. Kuna farasi jike wa kahawia aliyegoma kuingia kwenye kisanduku cha kuanzia mbio, halafu akaja kushinda. Wakacheka, wakatazamana. Wivu ukanirudia kama zamani.

Nikaweka sinia mezani. "Ikawaje?" nikauliza.

Mdogo wangu alivuta kiti akakaa karibu nami. "Subiri," akamwambia binti yangu. "Tumwelezee tangu mwanzo."

Akaanza na jinsi farasi yule alivyoteremka kwenye lori.