Siku Niliyotoa Makochi ya Mzee Mihambo Nje

Kwanza niuseme upumbavu wenyewe, mengine yatafuata: mimi, Shija, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye akili zangu timamu na bila kutumwa na mtu, nilitoa makochi ya Mzee Mihambo nje, na mtaa wetu mzima wa Chemchem ukaja kumlilia wakati yeye yuko hai, anacheza bao. Chekeni mmalize, maana mtaani kwetu hawajamaliza hadi leo.

Iko hivi. Bi mkubwa wangu, yaani mama, alinunua nyumba ya Mzee Mihambo. Aliuza vitenge sokoni tangu mimi sijaanza kutambaa, hadi akaweza, wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, watu wakanywa soda, kila mtu akapeana mkono na kila mtu. Lakini kuhama, mzee hataki. Mara subirini mvua zipungue, mara mguu unamuuma, mara anangoja mwezi uandame (ukaandama, akasema siyo huo). Na sisi tulikuwa tumeshaaga tulikopanga, chumba chetu kimeshapata mtu, kwa hiyo wenye nyumba tukawa tunalala chumba cha uani pamoja na majembe na jogoo wa mzee, na aliyeuza anakaa sebuleni kakunja nne, anatuuliza tumeamkaje. Mama anampigia shikamoo kila asubuhi ndani ya nyumba yake mwenyewe! Mimi hesabu hiyo ilinishinda kuliko zote za darasani.

Jumamosi hiyo mama alimwomba mwenyekiti aje alasiri awakalishe yeye na mzee kwa mara ya mwisho. Kabla hajaenda sokoni akaniambia, "Shija, leo usiguse kitu, usijibizane na mtu. Nikiikosa nyumba hii, nguvu ya kuanza tena sina."

Nikaitikia vizuri kabisa, kwa heshima zote.

Mzee naye akaondoka kwenda kijiwe chake cha kahawa na bao ng'ambo ya reli, mlango kaurudishia tu. Nikawaza: mwenyekiti akija akakuta vitu vimeshatoka, atakuwa na la kusema zaidi ya kumtakia mzee safari njema? Nikamwita Hamisi wa jirani. Akauliza, "Mama yako anajua?" Nikamwambia ndiye aliyenituma (Mungu anisamehe). Tukatoa makochi, meza, kabati la vyombo, na kwa vile mimi napenda usafi ninapofanya uhalifu, nikafagia sebule nikatandika mkeka, mama akirudi akute pametulia.

Wewe wa huku kwetu umeshanielewa. Makochi yote nje asubuhi, mkeka sebuleni: hapo ni harusi au ni msiba, na harusi ya mzee yule hakuna aliyeisikia.

Bi Mwajuma, mwenyekiti wa akina mama wa kufa na kuzikana, alikuwa anapita na kikapu chake. Akayatazama makochi. Akanitazama mimi. Wala hakuuliza. Kikapu chini, mikono kichwani, "Yoooh, Mihambo jamani!"

"Bibi, ngoja kwanza nikueleze..."

"Jikaze mwanangu, wewe ni mwanaume."

Nikajaribu tena kwa mama mwingine aliyefika, naye akanikumbatia hadi maneno yakarudi tumboni. Hamisi alishatoweka. Turubai likaja, sijui limetoka wapi, masufuria yakaja, kuni, mchele, wanaume wakapanga viti na kuanza kuongea kwa sauti za chini. Mmoja akasema marehemu alikuwa analalamika mguu. Mwingine akasema mguu huo huo ndio uliommaliza, amefia hospitali alfajiri. Mimi nilimwona akinywa chai asubuhi! Lakini watu wazima wote wale wana uhakika, mimi ni nani? Nikaanza kuwaza labda kweli kafa huko kwenye bao, labda mimi ndiye wa mwisho kujua. Nikalia. Nililia kwa dhati, mpaka nikaletewa maji.

Ndipo Mzee Mihambo akatokea. Alikuwa amesikia huko kijiweni kwamba mtaani kwao kuna msiba, akaja kama jirani mwema, kavua kofia, akakaa kiti cha pembeni na kumuuliza wa mbele yake taratibu, "Nani katutoka?"

Yule bila kugeuka akajibu, "Mzee Mihambo."

"Mihambo yupi tena?"

Yule akageuka. Sitaki kueleza sana, ila viti vilianguka vingi, na mimi, kwa kukosa la kufanya, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Makochi yangu yanafanya nini nje?"

Mama na mwenyekiti wa mtaa wakafika hapo hapo. Nilimwona mama akitazama turubai, makochi, mzee, kisha mimi, na uso wake ukasawijika. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee wa watu katolewa nje kama mbwa. Mzee akajua upepo umegeukia upande wake, akasema kwa sauti, "Mmeona wenyewe? Ndiyo nihame kwa watu kama hawa?" Akapewa sahani ya wali wa msiba wake, akala. Nyumba yetu niliiona ikiondoka tonge kwa tonge.

Mara ikaingia pikapu kutoka Sikonge. Bi Mwajuma alikuwa amempigia simu Saidi, mtoto wa mzee anayeishi huko, na Saidi akaruka kabla gari halijasimama, analia, "Baba! Baba!" na baba yuko mbele yake anatafuna. Alipopata pumzi akauliza kuna nini. Mwenyekiti akasema ni mambo ya nyumba tu, ile aliyomuuzia Mama Shija.

"Nyumba gani?" Saidi akauliza.

Mwenyekiti akamgeukia mzee.

"Baba. Umeuza nyumba ya marehemu mama?"

Mzee akaweka sahani chini. "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kuwaambia."

Kumbe! Mvua, mguu, mwezi, vyote hivyo mzee alikuwa anawaogopa wanawe. Angehamia kwa nani na hajasema? Saidi akalia upya, safari hii polepole. Kisha akafuta uso, akatazama makochi, akatazama pikapu. "Vitu vimeshatoka. Panda gari, baba, twende nyumbani."

Wale wale waliokuja kulia ndio waliopakia. Mzee akampa mama ufunguo kwa mikono miwili, mama akaupokea amepiga magoti, na wote wawili walikuwa wanaona aibu, ambayo kwa haki ilikuwa yangu peke yangu.

Tangu hapo hata stuli siihamishi bila kutangaza kwanza kwamba wote ni wazima. Mama hakunisemesha hadi akina mama walipomaliza kuosha masufuria. Ndipo akasimama katikati ya sebule tupu na kusema:

"Nyumba tumeipata, Shija. Sasa toa godoro lako nje ulilalie, tuone na wewe nani atakuja kukulilia."