Kata, Alivyoisikia Mama

Mwalimu wetu wa uongozaji, katika chuo cha filamu cha serikali pale Iringa, hakutaka kusikia Kiingereza mbele ya kamera. Alisema nchi haiwezi kuwa na sinema yake ikiwa hata amri ya kuanza na ya kusimama inaazima kwa watu. Kwa hiyo kuanza ilikuwa "Haya!" na kusimamisha kamera ilikuwa "Kata!" Aliyeteleza alibeba stendi ya kamera mpaka jioni. Yeye mwenyewe alimaliza kila sentensi kwa "okei", lakini nani angemtwisha mwalimu stendi?

Nilimwamini, nisiseme uongo. Nilikulia kwenye mabanda ya video ya Tukuyu, mkoani Mbeya, ambako sinema zote zilikuwa za watu wa mbali, na mtafsiri alipiga kelele juu ya waigizaji hadi bomu lilipolipuka tulimsikia yeye tu. Chuo kilikuwa mahali pa kwanza kuniambia kwamba mama yangu, akimenya ndizi jikoni kwake, ni sinema.

Basi filamu ya kuhitimu nikaamua kuipiga nyumbani, mama akiwa mwigizaji mkuu. Hadithi yenyewe fupi: mjane anashauriwa afyeke migomba yake apande parachichi za kuuza nje. Anachukua panga, anauendea mgomba uliopandwa na marehemu mumewe, analiinua, anashindwa, analishusha. Mwisho. Filamu yote ilisimama juu ya huko kushindwa. Kamati ya mtihani ilikuwa imeshapitisha mswada, na bila mwisho ule sikuona cheti ningekipata wapi.

Mgomba wenyewe haukuwa wa kuigiza. Baba aliupanda kweli nyuma ya jiko, miezi michache kabla hatujamzika, na sasa ulikuwa umebeba mkungu wake wa kwanza. Asubuhi mama aliusalimia huo kabla ya kunisalimia mimi.

Tulikuwa wawili tu kwenye kazi, mimi na mwanafunzi mwenzangu aliyeshika kamera, dada mmoja wa Kilolo, mtu wa maneno machache na mkono usiotetemeka. Tulianza na mama akimenya ndizi. Nilipotosheka nikasema, "Kata!" Mama akaikata ndizi vipande viwili, akavitumbukiza sufuriani. Nikacheka moyoni, nikasema mama hapotezi muda, anaendelea na mapishi yake. Kama ningekuwa na akili hata ya kuku, ningeelewa hapohapo.

Alasiri tukaenda nyuma ya jiko. "Haya!" nikasema. Mama akausogelea mgomba, akainua panga. Mdomo ukaanza kumcheza kwa namna ambayo sikumfundisha, kisha chozi likamtoka. Chozi halikuwemo kwenye mswada. Nilimhurumia, nikaona nimpumzishe kwanza, kisha turudie taratibu.

"Kata!" nikapaza sauti.

Mama alinitazama mara moja. Akakata.

Mgomba hauna ubishi, ulilala chini palepale pamoja na mkungu wake mchanga. Mwenzangu alishangaa hadi akasahau kuzima kamera.

"Mama! Mbona umekata?"

"Wewe si umesema kata? Na kwa sauti kubwa!" Akafuta panga kwa jani. "Haya, ndaga. Imeisha hii kazi yako?"

Ndaga kwa Kinyakyusa ni asante. Sikujua ananishukuru kwa lipi, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Nikarudi Iringa na filamu isiyo na mwisho wake. Mgomba mwingine wa baba haukuwepo wa kurudia. Katika kuhariri nikaifuta sauti yangu, ikabaki picha ya mjane anayelia, anayetazama pembeni, kisha anakata kimya kimya. Nilijiandaa kuiambia kamati kwamba huo ni mwisho wenye tafakuri, maana chuoni ukikosea ndivyo unavyosema.

Siku ya maonyesho wazazi walialikwa. Mama akaja na kitenge chake kipya, akaketi mstari wa mbele kabisa, karibu na walimu. Filamu yangu ikaisha, taa zikawashwa. Mwalimu aliinamia karatasi akaanza kuandika. Ndipo mama akasimama.

"Samahani walimu. Sauti ya mwanangu mmepeleka wapi? Yeye alisema kata. Mkiondoa hiyo, watu watafikiri nimekata hii mgomba kwa kupenda mwenyewe."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha ghafla, kwani alijua neno lile lilianzia kwa nani. Akaniita mbele. "Irudishe sauti yako," akasema. "Mswada uache. Ukiirudisha, umefaulu, okei?"

Niliirudisha, nikapata cheti. Siku hizi wanafunzi wa chuo kile wanasimamisha kamera kwa "Tosha!", na nimelisikia neno hilo kwa waliohitimu wanaopiga filamu zao mpaka Makongolosi. Wanadhani mwalimu alilitoa kwenye kamusi.

Lakini siku ile ya maonyesho, kabla ya yote hayo, nilimtoa mama nje, tukaketi kwenye ngazi za ukumbi. Watu walipita wakimpa mkono na kumtania, naye akawajibu kwa mizaha yake yote. Walipopungua nikamuuliza nilichokiogopa tangu Tukuyu.

"Mama, kama hukutaka, kwa nini ulikata?"

Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Si ulisema ni mtihani?" akasema. "Nikajua nisipokata, watakufelisha."